SOMO: KABLA KAMATI HAIJASEMA "JAZA TU GESI"
Gesi na oili za viyoyozi katika magari ya zamani



Katika toleo hili tunaleta somo juu ya jambo ambalo kamati nyingi hulipitisha kwa dakika mbili: malipo ya kujaza gesi ya kiyoyozi cha gari. Fedha inayoombwa huwa si nyingi, fundi ni jirani, na joto la Dar es Salaam kila mjumbe analijua. Basi mtunza hazina anaandika hati ya malipo na kikao kinahamia ajenda inayofuata. Sisi pia tulifanya hivyo. Somo hili limetokana na kosa letu wenyewe, na tunaliandika ili kamati nyingine isilirudie.

Yaliyotupata

Mradi wetu wa kuwahudumia wazee na wagonjwa upande wa Mbagala ulikuwa na Land Cruiser iliyotengenezwa mwaka 1988, tuliyoipokea ikiwa imetumika. Injini yake ilikuwa nzima na kiyoyozi kilipoza vizuri. Baada ya miaka kadhaa ubaridi ukaanza kupungua. Tukamwita fundi wa mtaani, kijana mwenye gereji ndogo chini ya mwembe, akajaza gesi. Gari likapoza kwa miezi michache, kisha likarudi kule kule. Ndani ya mwaka mmoja tulijaza mara tatu.

Mara ya tatu haikufika mbali. Mchana mmoja wa mwezi Februari, kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa, gari likiwa na wagonjwa wawili waliotoka kliniki, ulisikika mlio mkali chini ya boneti, kisha ukatoka moshi wenye harufu ya mpira unaoungua. Kompresa ilikuwa imekaza. Dereva alizima injini, akaukata mkanda wa kompresa, ambao katika gari lile ulikuwa peke yake, akafungua vioo vyote na kuendelea. Wagonjwa walifika nyumbani, lakini mmoja wao, mama mwenye umri wa zaidi ya miaka sabini, alishikwa na kizunguzungu cha joto na ikabidi ashushwe njiani apumzike kivulini.

Kikao kilichofuata kilikuwa na hasira. Wajumbe walisema fundi ametuharibia kompresa, basi ailipe. Wakati huo tulikuwa tunadaiwa na kijana yule malipo ya kazi ya breki. Tukaamua kuyazuia. Alipokuja kudai alisema, "Mliniambia nijaze gesi, nikajaza gesi." Tukaona ni kisingizio.

Baadaye tulimwita fundi mwingine, mtu mzima aliyesomea majokofu na viyoyozi. Kabla hajashika spana aliuliza maswali manne. Gari hili lilitoka kiwandani na gesi gani? Ni nani aliyebadilisha gesi, na lini? Alipobadilisha gesi, alibadilisha na oili? Karatasi ya kazi hiyo iko wapi? Tulikuwa watu watano pale, na hakuna aliyejibu swali hata moja.

Kiyoyozi hufanyaje kazi

Ili tuelewe kosa letu, tuanze na mzunguko wenyewe. Gesi ya kiyoyozi haichomwi wala haiishi kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na gesi ile ile inaweza kufanya kazi kwa miaka mingi.

Kompresa, inayozungushwa na injini kwa mkanda, huibana gesi hadi inakuwa na moto na mgandamizo mkubwa. Gesi hiyo huenda kwenye kondensa, iliyo mbele ya rejeta na inayofanana nayo. Hapo upepo huipoza na kuigeuza kuwa kimiminika. Kimiminika hupita kwenye draya, kichupa chenye punje za kunyonya maji, kisha hupenya kwenye vali nyembamba na kuingia kwenye evaporeta iliyo ndani ya dashibodi. Kikishapita kwenye vali, mgandamizo hushuka ghafla, nacho huchemka na kunyonya joto la hewa ya ndani ya gari. Kisha gesi hurudi kwenye kompresa kuanza upya.

Kwa hiyo, kama gesi imepungua, mahali fulani panavuja. Kujaza bila kuziba ni kuteka maji kwa pakacha. Hili ni jambo la kwanza ambalo kila mjumbe wa kamati anapaswa kulikumbuka.

Jambo la pili ni oili. Kompresa ina vyuma vinavyosuguana, lakini haina mahali pa kumwagia oili kila siku. Oili husafiri pamoja na gesi kwenye mzunguko wote na kurudi tena kwenye kompresa. Ikiwa gesi na oili hazichanganyikani, gesi itazunguka lakini oili itabaki njiani, hasa kwenye kondensa na evaporeta. Kompresa itafanya kazi ikiwa kavu, na mwisho wake ni kukaza.

R-12 na R-134a: historia fupi

Magari yaliyotengenezwa kabla ya miaka ya mwanzo ya 1990 yalitumia gesi iitwayo R-12. Gesi hiyo ilibuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920. Ilipendwa kwa sababu haiwaki moto, haina sumu kali na haisumbui vyuma.

Mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walionya kuwa gesi za aina hii hupanda juu sana angani, na klorini iliyomo ndani yake huharibu tabaka la ozoni linalotukinga na mionzi mikali ya jua. Mwaka 1995 walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Paul Crutzen. Tarehe 16 Septemba 1987 mataifa yalikubaliana Itifaki ya Montreal ya kuziondoa gesi hizo, na ndiyo sababu tarehe hiyo huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Ozoni Duniani. Tanzania ilijiunga na Itifaki hiyo mwaka 1993. Nchi zilizoendelea zilitakiwa kukoma kutumia R-12 mpya ifikapo mwanzo wa 1996, na nchi zinazoendelea, ikiwemo yetu, ifikapo tarehe 1 Januari 2010. Hapa nchini kanuni za kudhibiti kemikali hizo zilitungwa mwaka 2007, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.

Maana yake kwa mwenye gari ni hii. Mtungi unaouzwa leo kwa jina la R-12 ama ni masalia ya zamani, ama ni gesi iliyonyonywa kutoka mitambo mingine, ama ni kitu kingine kabisa kilichobandikwa jina.

Viwanda vya magari vilihamia gesi ya R-134a kati ya takriban mwaka 1992 na 1995. Hii haina klorini na haiharibu ozoni. Magari mengi yaliyotumika tunayoagiza kutoka Japani yana gesi hii, ndiyo maana mafundi wetu wameizoea na mtungi wake ndio ulio tayari gereji. Gari la mwaka 1988 linapoingia gereji hiyo, fundi huchukua mtungi alionao. Hapo ndipo tatizo linapoanzia.

Kwa nini huwezi kumwaga mpya juu ya ya zamani

Fundi yule mtu mzima alitufungulia mfumo na kutuonyesha kwa macho. Alitaja mambo matano.

Kwanza, oili. Magari ya R-12 yalitumia oili ya madini, ile itokanayo na mafuta ghafi. Oili hiyo huyeyukana vizuri na R-12, lakini haichanganyikani na R-134a. R-134a inahitaji oili za kutengenezwa, yaani oili ya PAG au oili ya esta. Katika gari letu oili ya zamani ilikutwa imetuama kwenye kondensa, nzito na nyeusi, wakati kompresa ilikuwa karibu kavu.

Pili, unyevu. Oili ya PAG hunyonya maji kutoka hewani kwa kasi. Kopo lililoachwa wazi katika hewa ya pwani yetu huharibika upesi. Maji yakiingia kwenye mfumo huleta tindikali inayokula vyuma kwa ndani, na yanaweza kuganda kwenye vali na kuziba njia. Tena masalia ya klorini ya R-12 huidhuru PAG. Kwa sababu hiyo mafundi wengi hupendelea oili ya esta kwa gari linalobadilishwa kutoka gesi moja kwenda nyingine.

Tatu, draya. Punje za kunyonya maji katika draya nyingi za zamani hazikutengenezwa kwa ajili ya R-134a. Huweza kumomonyoka na kusambaa kama mchanga mwembamba hadi kwenye vali na kompresa. Draya yetu ilikuwa imefikia hali hiyo.

Nne, mipira na oringi. Chembe za R-134a ni ndogo kuliko za R-12, hivyo hupenya polepole kwenye mipira ya zamani isiyo na utando wa ndani. Oringi za zamani nazo hukauka na kuachia.

Tano, mgandamizo. Kwenye ubaridi wa kawaida gesi hizi mbili zinakaribiana, lakini joto likipanda zinaachana. Kondensa ikifika nyuzi joto 60, jambo lisilo la ajabu kwenye foleni ya mchana, R-12 huwa na mgandamizo wa takriban paundi 207 kwa inchi ya mraba, na R-134a takriban paundi 229. Kondensa ya zamani na feni iliyochoka huelemewa na tofauti hiyo.

Kuna jambo la sita, nalo ni kuchanganya. R-12 na R-134a zikikutana ndani ya bomba moja, mgandamizo wa mchanganyiko unaweza kuzidi wa kila moja ikiwa peke yake. Mchanganyiko huo hauwezi kutenganishwa gereji, na ukinyonywa huchafua mtungi mzima wa fundi. Anayekuja kurekebisha baadaye hupata hasara ya kosa la mwenzake.

Jinsi ya kutambua gesi iliyomo

Kamati haihitaji kuwa na fundi kati ya wajumbe wake ili kuanza uchunguzi. Angalieni yafuatayo.

1. Lebo chini ya boneti. Magari mengi yana kibandiko au kibati kinachotaja aina ya gesi na uzito wake kwa gramu. Kipigeni picha na kuiweka kwenye faili la gari.

2. Midomo ya kujazia. Kwenye gari la R-12 midomo ina nyuzi za kufungia kama nati. Kwenye gari la R-134a ni ya kubonyeza, isiyo na nyuzi za nje, na ule wa upande wa mgandamizo mkubwa ni mnene kuliko mwingine. Mkiona kipande cha kuunganisha kimefungwa juu ya mdomo wa zamani, basi kuna mtu aliyebadilisha gesi. Ulizeni kama alibadilisha na oili.

3. Geji, gari likiwa limezimwa kwa muda mrefu kivulini. Kama joto ni nyuzi 30, R-12 husoma takriban paundi 93, R-134a takriban 97, na R-22, gesi ya viyoyozi vingi vya zamani vya majumbani, takriban 158. Kwa hiyo geji haiwezi kutofautisha R-12 na R-134a, lakini ikisoma zaidi ya 140 mjue kuna gesi isiyostahili au hewa imeingia. Kumbukeni pia kuwa injini ikiwa imezimwa geji haisemi gesi ni nyingi kiasi gani. Alimradi kuna kimiminika ndani, itasoma vile vile.

4. Mashine ya kutambua gesi. Hii ndiyo yenye uhakika. Si kila gereji inayo, lakini kwa gari lisilo na kumbukumbu inafaa kuitafuta.

Msitegemee rangi ya mtungi. Zamani R-12 ilikuwa kwenye mtungi mweupe, R-134a wa bluu mpauko na R-22 wa kijani mpauko. Siku hizi watengenezaji wengi wameacha utaratibu huo wa rangi, na mtungi wowote unaweza kupakwa rangi yoyote.

Kubadilisha kwa utaratibu

Gari la R-12 linaweza kuhamishiwa R-134a na likafanya kazi kwa miaka. Hatua ni hizi:

Gesi iliyomo inyonywe kwa mashine na kuhifadhiwa mtungini. Isiachiwe hewani. Kompresa ifunguliwe na oili ya zamani imwagwe. Mabomba, kondensa na evaporeta visafishwe kwa dawa maalumu, si kwa petroli. Draya iwekwe mpya, inayokubali R-134a. Oringi zote zilizofunguliwa zibadilishwe, na mipira inayovuja pia. Oili mpya ya aina sahihi iwekwe kwa kipimo cha kompresa.

Uvujaji upimwe kwa naitrojeni kavu na povu la sabuni. Kamwe isitumike oksijeni ya kuchomelea, kwa sababu oksijeni yenye mgandamizo ikikutana na oili hulipuka. Wala hewa ya kujazia matairi isitumike, kwa kuwa huingiza unyevu, na ikichanganyika na R-134a chini ya mgandamizo mkubwa inaweza kuwaka.

Kisha pampu ya vakyumu ifanye kazi angalau nusu saa, na baada ya kuizima geji iangaliwe kama inabaki palepale. Hatua hii hukaushia maji yaliyobaki. Fundi asiye na pampu hii hawezi kuifanya kazi hii, hata awe hodari namna gani.

Mwisho gesi ijazwe kwa mizani. R-134a inayohitajika huwa kati ya asilimia 80 na 90 ya uzito wa R-12 ulioandikwa kwenye lebo. Kama lebo inasema gramu 900, fundi aanze na gramu 720 na asizidi 810. Kujaza zaidi hakuongezi ubaridi. Hupandisha mgandamizo na kuichosha kompresa. Kazi ikikamilika, vibandikwe viunganishi vya R-134a ambavyo havitaondolewa, na lebo mpya inayotaja gesi, uzito, aina ya oili, tarehe na jina la gereji.

Swali la haki kwa kamati ni hili: je, gari lenyewe linastahili gharama hiyo? Kwetu kompresa iliyotumika, draya, oili na kazi vilizidi mara kumi malipo ya kujaza gesi mara moja. Kwa gari linalobeba wagonjwa tuliona inafaa. Kwa gari linalobeba saruji na viti, kufungua vioo kunaweza kuwa uamuzi mzuri kabisa.

Njia za mkato zilizo hatari

Baadhi ya watu hujaza R-22 kwenye gari kwa sababu ilipatikana kirahisi. Kwenye nyuzi 60 gesi hiyo hufikia takriban paundi 337. Mipira ya gari haikutengenezwa kwa mgandamizo huo, na inaweza kupasuka usoni mwa fundi.

Wengine hutumia gesi ya kupikia. Ni kweli kwamba propeni na butani hupoza, na zipo friji zilizobuniwa kwa gesi za jamii hiyo kwa kiasi kidogo sana. Lakini evaporeta ya gari iko ndani walimokaa abiria. Ikivuja huku vioo vimefungwa, cheche moja inatosha. Gari la usharika lisijazwe gesi ya kupikia kwa hali yoyote.

Hatari ya tatu ni gesi bandia. Mwaka 2011 makontena ya baridi yaliyokuwa yamehudumiwa kwa gesi iliyochakachuliwa yalilipuka katika nchi zikiwemo Vietnam na Brazil, na watu watatu walikufa. Gesi iliyodaiwa kuwa R-134a ilikuwa imechanganywa na kemikali iitwayo R-40. Kemikali hiyo hushambulia aluminiamu na kutengeneza kitu kinachowaka chenyewe kikigusa hewa. Kompresa za magari yetu nazo zina aluminiamu. Mtungi wa bei ya kutupa usiojulikana ulikotoka si nafuu.

Kwa fundi mwenyewe: vaa miwani na glavu. R-134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, na tone moja likiingia jichoni huligandisha. Usichomelee bomba lenye gesi, kwa sababu gesi hizi zikipita kwenye moto hutoa mvuke wa sumu.

Neno kwa washirika wetu

Tunawashukuru washirika wanaotusaidia magari. Tunaomba mambo mawili. Mnapotupatia gari lililotumika, tafadhali mtume na kumbukumbu zake za matengenezo, hata kama ni karatasi mbili. Na bajeti ya gari la zamani iwe na fungu la matengenezo ya aina hii, kwa kuwa si anasa pale ambapo abiria ni mgonjwa.

Tunawajulisha pia kuwa mabadiliko hayajaisha. R-134a haidhuru ozoni, lakini uwezo wake wa kuongeza joto duniani ni takriban mara 1,430 ya hewa ukaa kwa uzito ule ule. Kwa Marekebisho ya Kigali ya Oktoba 2016, dunia imekubaliana kuipunguza hatua kwa hatua. Tangu 2017 magari mapya ya abiria barani Ulaya hayaruhusiwi kuwa nayo, na mengi yana R-1234yf, ambayo inaweza kuwaka kwa kiasi fulani na ina midomo yake ya kujazia. Magari ya aina hiyo yakishatumika yatafika bandarini kwetu. Vilevile, magari ya mseto yenye kompresa ya umeme yanahitaji oili maalumu ya esta. PAG ikiingia humo hudhoofisha kinga ya umeme na kuhatarisha maisha ya fundi. Kosa tulilolifanya kwa gari la 1988 linaweza kurudiwa kwa gari jipya zaidi, kwa sababu ile ile ya kutouliza.

Tulichoamua

Baada ya fundi mtu mzima kumaliza kazi, tulirudi kwenye mafaili. Hati zetu tatu za malipo zilikuwa na maneno mawili tu: "kujaza gesi". Hatukumpa kijana lebo, historia wala nafasi ya kupima uvujaji. Mara ya pili aliwahi kutuambia kuna mahali panavuja na mpira unahitaji kubadilishwa. Dereva alilileta jambo hilo kikaoni, nasi tukajibu kuwa fedha hakuna, ajaze tu. Limeandikwa katika muhtasari wa kikao, kwa mwandiko wa katibu wetu.

Kijana naye alikuwa na upungufu. Alipaswa kujua habari ya oili na kukataa kazi. Lakini hajawahi kufundishwa darasani, alijifunza kwa kumtazama mwenzake, na mteja aliyemlazimisha alikuwa kamati yenye wasomi. Tulimwita, tukamwomba radhi na kumlipa fedha zake za breki. Kisha tukakubaliana kumchangia ada ya kozi fupi ya majokofu na viyoyozi katika chuo cha ufundi. Mjumbe mmoja alipinga, akasema tunamzawadia aliyetutia hasara. Tukamsomea muhtasari ule, naye akanyamaza. Hakuunga mkono, na tuliandika hivyo.

Sasa kila gari letu lina daftari. Hati ya malipo ya kiyoyozi haisainiwi mpaka imetaja aina ya gesi, uzito wake, aina ya oili, mahali palipokuwa panavuja na muda wa vakyumu. Ikikosa hata moja, mtunza hazina anairudisha.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Je, magari ya usharika au mradi wetu yanatumia gesi gani? Nani amelithibitisha, na kwa njia gani?

2. Katika miaka miwili iliyopita tumejaza gesi mara ngapi kwenye gari moja? Uvujaji ulizibwa?

3. Fundi wetu ana pampu ya vakyumu, mizani na naitrojeni? Kama hana, tunaweza kumpeleka kwa mwenye navyo badala ya kumlazimisha abahatishe?

4. Ni ushauri gani wa fundi tuliowahi kuukataa kwa sababu ya fedha, na uliishia kutugharimu kiasi gani?

5. Kuna mtu tuliyemzuilia malipo yake kwa kosa ambalo huenda ni letu? Fungueni mihtasari yenu kabla ya kujibu.